Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri wa Kilimo: naitrojeni ya ng'ombe ifike pia usoni pa watu

Kwa Waziri wa Afya,
Kwa Waziri wa Kilimo, Mifugo na Uvuvi,
Kwa wasimamizi wa Bohari ya Taifa ya Dawa,
Kwa wabunge watano mnaowakilisha watu wenye ulemavu,

Waheshimiwa,

Mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe, yaani mpandikizaji wa mbegu za madume, hapa Busia, upande wa Uganda. Mfugaji akinipigia simu alfajiri kwamba ng'ombe wake yuko kwenye joto, nafunga mtungi wa naitrojeni nyuma ya pikipiki na kuondoka, maana nikichelewa mpaka kesho yake nimempotezea wiki tatu, hadi joto lirudi. Ndani ya mtungi ule mna kimiminika chenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na humo ndimo zinamokaa mbegu za madume. Ukifungua kifuniko, moshi mweupe humwagika chini kama ukungu unaoshuka Mlima Elgon, na watoto wa boma hukimbia kuja kutazama.

Kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja. Njia yangu ya kila siku hupita mbele ya nyumba ya dada yangu mkubwa, ambaye ni mtu mwenye ualbino. Miaka miwili kati ya hiyo alikuwa na vidonda viwili usoni, kimoja shavuni karibu na sikio, kingine pembeni mwa pua. Miaka miwili nilipita mlangoni pake na mtungi wangu, nikasimama kumsalimia, nikauona uso wake ukibadilika, nisijue kwamba kile nilichokibeba kwa ajili ya ng'ombe ndicho ambacho mtaalamu wa ngozi angekitumia kumtibu. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Dada ameniruhusu nieleze yote. Jina lake tu ndilo amesema libaki nyumbani.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya soko letu la mpakani, na kwa kuwa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima.

Dada yangu ameuza dagaa zaidi ya miaka ishirini. Penye dagaa hapana kivuli. Dagaa wanataka jua ili wakauke, na muuzaji hukaa walipo. Alijifunga leso kichwani, lakini leso haifiki puani. Tena hapa kwetu jua si la mchezo. Tuko hatua chache tu kutoka Ikweta, na hata maji ya Ziwa Victoria yenyewe yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mtu mwenye rangi ya kutosha katika ngozi yake ana mwavuli aliozaliwa nao. Dada hakuzaliwa nao. Utotoni alirushiwa majina mengi njiani, zeruzeru likiwa la heri kuliko mengine, lakini jua lilimuumiza kuliko majina yote.

Vidonda vile havikuanza kama vidonda. Vilianza kama mabaka madogo makavu, magumu kama msasa. Baka la namna hiyo utalihisi kwa kidole kabla hujaliona kwa macho. Linabanduka, linarudi. Haliumi, kwa hiyo halimtishi mtu. Alipokwenda kituo cha afya mara ya kwanza alipewa mafuta ya fangasi. Mara ya pili akapewa mafuta mengine yaliyopunguza wekundu kwa muda, halafu baka likarudi likiwa na kigaga. Mara ya tatu akaambiwa aende hospitali kubwa, akaenda, akakuta anayetazama ngozi hayupo siku hiyo, akaambiwa arudi siku nyingine. Alirudi mara mbili. Kisha akachoka, akarudi kwenye dagaa wake, kwa sababu siku ya kwenda hospitali ni siku isiyo na mauzo.

Sitaji kituo wala hospitali. Waliomhudumia sikuwaona kuwa wavivu wala wabaya. Walimpa kilichokuwamo kabatini. Ninacholalamikia ni kabati.

Baadaye ikaja kambi ya siku moja ya kupima ngozi za watu wenye ualbino, kwenye uwanja wa shule. Nilimpeleka kwa pikipiki. Aliyekuwa akitibu alikuwa ofisa tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi kule Moshi, Tanzania, mtu mpole mwenye vidole vya kusikiliza. Kila uso aliushika pole pole, akipapasa kama mtu anayetafuta kijiwe kwenye mchele. Foleni ilikuwa ndefu. Kabla dada hajafikiwa, nikamsikia akimwambia msaidizi wake, "Naitrojeni imeisha. Hawa waliobaki tuwaandikie barua za rufaa."

Neno hilo nalijua. Nikasogea, nikamuuliza, "Tabibu, ni naitrojeni gani hiyo?" Akaniambia ni ile ya kugandisha, iliyobebwa kutoka Kampala, na kwamba gari liliharibika njiani na nusu imepotea hewani. Hilo pia nalijua, maana naitrojeni haikai. Hata kwenye mtungi mzuri hupungua kila siku, na kwenye chombo kidogo huisha upesi sana. Nikamwambia mimi ninayo nyumbani. Alinitazama kama mtu asiyeamini alichosikia.

Nilikuwa na mtungi wa akiba, uliojazwa wiki ile ile, ambao haukuwahi kutumbukizwa mrija wa mbegu hata mmoja. Nikaenda nikarudi nao. Tabibu aliukagua, akauliza ulijazwa wapi na lini, kisha akahamishia kiasi kwenye kopo lake la kupulizia. Waliobaki kwenye foleni wote wakatibiwa alasiri ile.

Zamu ya dada ilipofika, tabibu alianza na shavu. Alipuliza kama sekunde kumi. Ngozi ikawa nyeupe ngumu, dada akauma meno, ikayeyuka ikarudi nyekundu, akapuliza tena. Basi. Akamwambia litavimba kama lengelenge, litakauka, litadondoka lenyewe, asilikwaruze. Wiki ya tatu likadondoka. Leo ukimtazama shavu lile huoni kitu, labda uwe unajua pa kutazama.

Halafu akaja puani. Pale alikaa muda mrefu. Alibonyeza, akavuta ngozi huku na huku, kisha akaondoa mkono. Akasema, "Mama, hiki sikigusi. Kimeota mizizi. Nikigandisha juu, chini kitaendelea kula." Akaandika barua ya Kampala. Kule walikata kipande wakapima, wakakuta tayari ni saratani, ile aina inayoota kwenye seli bapa za tabaka la juu la ngozi, ambayo ndiyo inayowaandama zaidi ndugu zetu wenye ualbino hapa Afrika. Akapasuliwa. Wakatoa ukingo wa tundu moja la pua na kuziba kwa ngozi ya shavuni. Madaktari walifanya kazi nzuri na tunawashukuru. Tuliuza mtamba kwa ajili ya nauli, chumba na chakula cha wiki zile, mtamba aliyezaliwa kwa mbegu nilizopandikiza mwenyewe. Dada sasa anauza dagaa huku ameshika upindo wa leso mbele ya uso. Wateja wanamdai chenji, naye anahesabu kwa mkono mmoja.

Waheshimiwa, yale mabaka mawili yalianza mwaka mmoja, kwenye uso mmoja, kwa jua moja. Moja liliondoka kwa sekunde ishirini za naitrojeni. Jingine lilichukua kipande cha pua. Kilichoyatofautisha ni muda tu, na muda huo haukupotezwa na dada yangu.

Sasa niseme nilichojifunza tangu siku ile, maana nimewauliza matabibu wengi na kusomewa mengi. Mtanisahihisha nikiteleza, lakini haya nimeyahakikisha.

Saratani ya ngozi ya usoni, ikiwa bado changa, si lazima iishie mezani pa upasuaji. Kwa mabaka ya jua ambayo bado hayajawa saratani, na kwa baadhi ya saratani zilizokaa juu juu tu bila kuzama, kuna tiba zisizo na kisu. Ya kwanza ni kugandisha kwa naitrojeni. Ya pili ni krimu. Iko krimu ya fluorourasili, ya nguvu ya asilimia 5, ambayo mgonjwa hujipaka mwenyewe nyumbani, kwa kawaida mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne kwa mabaka ya jua. Inaua seli zinazogawanyika ovyo na kuziacha zilizo salama. Haihitaji mtungi wala umeme, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ya tatu ni mionzi, ambayo hutumika pale saratani iko mahali ambapo kisu kingeharibu sana, au mgonjwa hawezi kupasuliwa.

Krimu hii imepimwa vya kutosha. Marekani, askari wastaafu 932 waliowahi kupata saratani za ngozi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipaka fluorourasili usoni na masikioni hadi wiki nne, jingine likapaka krimu isiyo na dawa. Katika mwaka wa kwanza, hatari ya kuhitaji upasuaji wa saratani ya seli bapa usoni na masikioni ilipungua kwa asilimia 75 kwa waliopaka dawa. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2018. Mwaka uliofuata Waholanzi wakatoa yao: wagonjwa 624 wenye mabaka ya jua kichwani, tiba nne zikilinganishwa. Baada ya miezi 12, fluorourasili ilikuwa imewafaa karibu 75 katika kila 100, ikazipita zile nyingine tatu zote, ikiwemo tiba ya mwanga inayohitaji taa maalumu.

Najua wale walikuwa Wazungu wenye umri, si wauza dagaa wa Busia, na ualbino una mambo yake. Lakini ni aina ile ile ya baka, na ni jua lile lile. Tena sisi tunalipata kwa wingi zaidi.

Kuna jambo sharti niliseme, kwa sababu yako mabango huku kwetu yanayoahidi kuponya kansa bila upasuaji, na wapo wanaopaka dawa za kuunguza zinazokula ngozi ya juu huku saratani ikizama chini. Sisemi hivyo. Saratani iliyokwisha kuzama inahitaji upasuaji, na mdomo na sikio ni mahali pa kuogopwa zaidi, maana ya hapo husambaa haraka. Tiba zisizo na kisu zina mlango wake, na mlango huo hufungwa. Anayejua kama bado uko wazi ni mtu aliyefundishwa kushika ngozi, na pale penye shaka akate kipande kipimwe. Kile kidonda cha puani kisingefaa kupulizwa siku ile, na tabibu yule alifanya vyema kuondoa mkono. Wala siwaambii wahimilishaji wenzangu wafungue mitungi wawapulizie jirani zao. Naitrojeni inakata nyama kama moto. Nina kovu la kidole la kuthibitisha.

Krimu nayo ina tabia yake ambayo isipoelezwa huua imani. Miezi kadhaa baada ya upasuaji, dada alipewa fluorourasili apake kwenye paji la uso na shavu la pili, ambako msasa ulikuwa umeanza. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili uso ukawaka: mwekundu, unatoa maji, vigaga kila mahali. Hata mabaka ambayo hatukuyajua yakajitokeza, kwa sababu dawa inayatafuta yaliyojificha. Majirani wakasema amelogwa, wengine wakasema amepewa sumu. Angekuwa hajaambiwa angeitupa ile krimu chooni, na mimi ningemuunga mkono. Lakini muuguzi alikuwa amemkalisha chini akamwambia, "Itakuwa mbaya kabla haijawa nzuri. Ikiwaka sana nipigie. Kaa ndani mchana." Alikaa ndani. Wiki chache baada ya kuacha kupaka, ngozi mpya ikatokea laini kama ya mtoto. Alinishika mkono akaniambia, "Pitisha kidole hapa." Hapakuwa na msasa.

Mkiagiza krimu pasipo muuguzi wa kuieleza, mtakuwa mmenunua uvumi. Na ipo hatari ya kweli ndani yake, kwani mjamzito haruhusiwi kuitumia. Kwa hiyo isiuzwe kama mafuta ya kawaida kwenye vibanda.

Mtasema Uganda ni maskini kwa tiba kama hizi. Nawakumbusha historia yetu wenyewe. Mwaka 1958, daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika juu ya uvimbe uliokuwa ukiwatokea watoto wetu kwenye mataya, uvimbe uliowaharibu uso na kuwaua upesi. Yeye alikuwa daktari wa upasuaji, na kisu chake hakikuufaa ugonjwa ule. Miaka ya 1960, hapo hapo Kampala, watoto wakaanza kutibiwa kwa dawa, na uvimbe mkubwa kama embe ukayeyuka kwa siku chache. Kutokana na kazi hiyo mwaka 1967 kikazaliwa kituo ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Madaktari wa nchi nyingine walikuja kujifunza kwetu kwamba uvimbe wa usoni unaweza kushindwa kwa dawa. Nchi iliyofanya hivyo haishindwi kusambaza krimu.

Tunajua pia inavyokuwa tukitegemea mahali pamoja. Mwaka 2016 mashine moja tu ya mionzi tuliyokuwa nayo nchini iliharibika, na ikachukua zaidi ya mwaka mmoja kupata nyingine. Wapo waliopelekwa Nairobi, na wapo waliobaki wakisubiri. Tangu hapo mashine zimeongezeka, na kwa hilo pongezi. Lakini mionzi ya ngozi mara nyingi ni safari za kila siku kwa wiki kadhaa, na mtu wa Busia anahitaji kulala Kampala wiki zote hizo. Kila baka linalomalizwa hapa mashariki likiwa changa ni kitanda kimoja kinachobaki wazi Mulago kwa mgonjwa ambaye hana njia nyingine.

Basi naja kwenye maombi. La kwanza liko mikononi mwenu wawili, Waziri wa Afya na Waziri wa Kilimo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Naitrojeni ipo. Serikali yenyewe inaitengeneza Entebbe, kwenye Kituo cha Taifa cha Rasilimali za Vinasaba vya Mifugo. Inapakiwa kwenye magari, inasafiri kwenye barabara mbovu na nzuri, inafika kwa wahimilishaji kama mimi ili ng'ombe wa Friesian azae ndama mzuri. Sina ugomvi na hilo, ndilo linalonilisha. Ninachouliza ni kwa nini gari hilo hilo lisishushe mtungi mmoja kwenye hospitali za rufaa za mikoa linazozipita: Jinja, Mbale, Soroti, Lira, Gulu, Masaka. Mtungi wa lita 20 au 30 wa aina tunayotumia sisi hukaa na naitrojeni wiki nyingi. Hospitali itahitaji mtungi wake wenyewe, usiochanganywa na wa mbegu, ulioandikwa wazi. Makopo mawili ya kupulizia. Na mtu anayejua tarehe ya gari. Ya kujaza mitungi niulizeni mimi na wenzangu. Tumeifanya kazi hii miaka mingi na tunajua mtungi unaovuja kwa kuuona tu umetoa jasho shingoni. Kinachokosekana ni karatasi moja kati ya wizara zenu mbili. Ng'ombe na mtu wako chini ya mawaziri tofauti, na naitrojeni imebaki upande wa ng'ombe.

Wenzetu wa Tanzania wamekuwa wakifanya hivi. Kliniki za kuhamahama zinakwenda wilayani na naitrojeni, zinapima ngozi, zinagandisha mabaka palepale, na zikikuta makubwa zinayapeleka kwenye upasuaji. Kituo cha Moshi, kilichoanza mwaka 1992 kwenye hospitali ya KCMC, kinafundisha maofisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika kwa miaka miwili. Ombi la pili ni hilo: kila mwaka pelekeni maofisa tabibu wetu kadhaa, kisha muwarudishe kwenye hospitali za wilaya na si kuwaweka wote Kampala. Yule wa uwanja wa shule ni mmoja. Mkoa wetu hauwezi kutegemea vidole vya mtu mmoja.

Kwa Bohari ya Taifa ya Dawa: iwekeni fluorourasili ya kupaka kwenye shehena za hospitali za rufaa, na baadaye za wilaya zenye mtu aliyefundishwa. Msisubiri wilaya ziiombe. Wilaya haiombi dawa ambayo haijawahi kuiona, na kwa kuwa haiombwi mtaandika kwamba haihitajiki. Dada yangu alipewa mafuta ya fangasi kwa sababu hiyo.

Kwa wabunge watano: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020 imeutambua ualbino. Tulifurahi. Lakini sheria hiyo haijafika kwenye ratiba ya kituo cha afya. Mimi ninapokwenda kwa mfugaji, najua siku ya josho la kijiji chake, na kila ng'ombe anajulikana lini aogeshwe. Mtu mwenye ualbino hana siku. Naomba awe nayo, kila baada ya miezi sita, siku iliyotangazwa na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kanisani na msikitini, atazamwe ngozi yote, uso, masikio, shingo, mikono, na aliye na msasa atibiwe siku hiyo hiyo. Wahudumu wa afya wa kijiji, hawa tunaowaita VHT, wapewe kadi ya picha inayoonyesha baka linavyoanza, maana wao ndio wanaoingia nyumbani. Baka la namna hii hushikwa na jirani kabla ya daktari.

Na mafuta ya kuzuia jua. Nayataja mwisho kwa kuwa wengine wameyasemea sana kuliko mimi, si kwa kuwa ni madogo. Hatua chache kutoka hapa, ng'ambo ya mpaka, serikali ya Kenya huwagawia watu wenye ualbino mafuta hayo bure kupitia Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Dada ana rafiki wa upande ule, muuza dagaa mwenzake, mwenye ualbino kama yeye. Huvuka na kumletea chupa moja anapobakiza. Wanapaka pamoja asubuhi nyuma ya kibanda, halafu kila mmoja anarudi kwenye nchi yake.

Kuna swali ambalo watu huniuliza nikisema haya: kwa nini uso? Mabaka yanatoka pia mikononi na shingoni. Ni kweli, na yote yatibiwe. Lakini dada yangu alinijibu vizuri kuliko ningeweza mimi. Alisema mkono anaweza kuufunika na bado mteja akamjua, ila tangu alipoanza kushika leso mbele ya pua, wapo wateja wa miaka kumi wanaompita kwa kudhani ni mtu mwingine. Watoto wake wawili wa shule hawamwambii siku ya mkutano wa wazazi. Wamemwambia hakukuwa na mkutano. Aliujua kwa jirani.

Mtungi wangu wa akiba bado upo. Umejaa. Nimeuandika kwa rangi nyekundu "WATU", nikautenga na ile mingine, na tabibu yule ana namba yangu ya simu. Kila gari linapokuja naujaza kwa fedha yangu, ingawa tangu siku ya kambi hakuna aliyekuja kuuchukua, na kila wiki naipima kwa kijiti naona inavyoshuka. Naitrojeni inapotea hewani uani kwangu, na nyuma ya ukuta wangu wapo watu wenye msasa usoni ninaowajua kwa sura.

Ukaguzi wa dada unaofuata ni baada ya miezi miwili. Juzi aliniuliza kama safari hii atatazamwa huku karibu, au aanze kuweka nauli ya Kampala. Nimemwambia aweke nauli, mpaka mtakaponijibu.

Wenu kwa heshima,

Mhimilishaji wa mifugo,
Busia, Uganda